Ngazi Haimo Kwenye Hesabu

Mapatano ya kazi ya rangi Dar es Salaam hayachukui muda mrefu. Mwenye nyumba na fundi huizunguka nyumba mara moja. Fundi hugonga ukuta kwa kidole kusikia kama plasta imeshika, huinua macho hadi kwenye fasia bodi, huhesabu vyumba kimyakimya. Kisha zinatajwa ndoo: ngapi za skimu, ngapi za praima, ngapi za rangi ya nje inayohimili mvua. Inatajwa misasa, rola, brashi, na thina ya milango na madirisha. Mwisho unatajwa ufundi, yaani fedha ya mkono wa fundi mwenyewe, na hapo ndipo maneno hurefuka. "Fundi, usiniumize bwana." "Bosi, kazi hii si ya siku mbili." Wakishakutana katikati, advansi inatolewa, na kesho yake asubuhi ndoo zinashushwa getini.

Katika orodha yote hiyo hakuna ngazi. Hakuna aliyeuliza fundi atafikaje kwenye kona ya juu ya ukuta wa ghorofa, mita sita kutoka ardhini, wala nani atagharamia kitu cha kumfikisha huko na kumrudisha salama. Inachukuliwa kwamba fundi atajua mwenyewe. Na kweli hujua mwenyewe: huazima kwa jirani, huunga vipande, hupanda juu ya ndoo. Siku akianguka, watu huja kumpa pole na kusema ajali haina kinga. Mimi siukubali usemi huo katika jambo hili. Nimetazama kazi za rangi za kutosha kujua kwamba anguko la fundi huanza siku ya mapatano, pale mwenye nyumba na fundi wanapobishania bei ya kila kitu isipokuwa kile kitakachobeba uhai wa mtu.

Tuitazame ngazi yenyewe. Kwenye nyumba nyingi zinazojengwa Goba, Kivule, Chanika au Kigamboni, ngazi hutengenezwa hapo hapo saiti. Slabu ikishamwagwa na kukauka, mirunda iliyoishikilia hutolewa. Huchaguliwa miwili iliyonyooka kidogo, mabanzi hukatwa vipande vya urefu wa mkono, na vipande hivyo hupigiliwa misumari ya inchi nne kwenye uso wa mirunda. Kazi ya nusu saa. Ngazi hiyo hutumiwa na mwashi, kisha fundi bati, kisha fundi umeme, na anayekuja mwisho kabisa ni fundi rangi. Anaipokea ikiwa imeshanyeshewa mvua, imepigwa jua miezi kadhaa, na pengine mchwa wameshaonja miguu yake.

Kasoro yake kubwa iko kwenye vidato. Seremala anayejua kazi huchonga pengo kwenye mguu wa ngazi, kidato kikakaa humo na uzito ukabebwa na mti. Ngazi ya saiti haina pengo. Banzi limebandikwa juu juu, kwa hiyo kilo zote za mtu, pamoja na rangi aliyoshika, zinaning'inia kwenye misumari miwili kila upande. Mirunda mara nyingi ni miti mibichi. Inapokauka husinyaa, na tundu la msumari hulegea bila mtu kuona. Ngazi iliyobeba watu vizuri wiki iliyopita inaweza kuachia kidato leo chini ya mtu mwembamba zaidi.

Fundi rangi ana hatari nyingine ambayo mwashi hana. Matone ya kazi yake huifunika ngazi, tone juu ya tone, mpaka mti hauonekani. Ufa ulio chini ya tabaka hilo haumwonyeshi mtu dalili yoyote. Kanuni za usalama za Marekani zinakataza ngazi ya mbao kupakwa rangi inayoficha mti, kwa sababu hiyo hiyo: mtu aweze kuona ufa kabla hajapanda. Ngazi iliyojaa rangi za nyumba tano zilizopita wengine huichukulia kuwa alama ya uzoefu. Mimi huomba igeuzwe, ikwanguliwe pale kidato kinapokutana na mguu, na ipigwe nyundo kidogo. Mlio wa mti mzima na mlio wa mti uliooza, fundi yeyote anaijua yote miwili.

Lakini ngazi nzima pia inaangusha. Hili halisemwi vya kutosha, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Siku hizi nyumba nyingi hupakwa rangi ya mwisho baada ya marumaru kutandikwa. Mwenye nyumba ameyanunua kwa jasho, hataki tone hata moja. Kwa hiyo fundi hutandaza nailoni sakafu nzima, akaibana pembeni kwa gundi ya karatasi, na juu ya nailoni hiyo akaisimamisha ngazi. Nailoni juu ya marumaru huteleza. Ikidondokewa na maji ya rangi huteleza zaidi. Miguu ya ngazi haina mpira. Fundi anapanda hadi kwenye kona ya siling bodi, anajinyoosha kuvuta mstari wa brashi, na uzito wake unaisukuma miguu ya ngazi nyuma, mbali na ukuta. Hakuna kinachoizuia. Ngazi inakimbia kwa chini, kichwa chake kinashuka kikikwaruza ukuta, na fundi anashuka nayo. Kati ya njia zote ambazo ngazi ya kuegemeza huangusha watu, hii ya miguu kuteleza ni ya kawaida mno, na humu mwetu tunaitengeneza kwa mikono yetu, tukilinda sakafu.

Dawa yake haina gharama. Kipande cha tairi chakavu, kile kile kinachotengenezewa katambuga, kikipigiliwa chini ya kila mguu, ngazi hushika. Nailoni hukatwa pale miguu inaposimama ili mpira uguse marumaru yenyewe. Na kwa nje, karibu kila dirisha la nyumba zetu lina grili. Kamba ya manila ikifungwa kutoka kwenye ngazi hadi kwenye grili, ngazi haiendi upande wowote. Grili hiyo iliwekwa kuzuia wezi, lakini hakuna sharti kwamba isimsaidie fundi.

Kuna pia suala la mwegemeo. Kipimo kinachotumika karibu duniani kote ni cha nne kwa moja: ngazi ikigusa ukuta kwenye kimo cha mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Hiyo ni kama nyuzi 75. Hakuna haja ya kupima kwa futi. Simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikikamata kidato bila wewe kuinama wala kujivuta nyuma, mwegemeo uko sawa. Kwenye vichochoro vya Manzese au Mwananyamala, ambako ukuta wa jirani uko hatua moja tu, nafasi hiyo haipo. Ngazi husimamishwa karibu wima, na fundi hupanda akijua akiegemea nyuma kidogo tu ameondoka nayo. Huko ngazi ya kuegemeza haifai. Kinachofaa ni jukwaa jembamba.

Sasa hesabu ya mwili. Mtu anayeanguka kutoka mita 3, ambacho ni kimo cha siling ya kawaida tu, hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, akiwa kwenye mwendo wa takriban kilomita 28 kwa saa. Ni mwendo wa bodaboda iliyochanganya mtaani, ila huku hakuna breki wala nafasi ya kukwepa. Muda huo hautoshi mtu kufikiri. Mikono huachia brashi na kushika hewa.

Akitua kwa miguu, mfupa wa kwanza kupokea ni wa kisigino. Ndani yake mfupa huo una vitundu vitundu, si mgumu kama wa paja, kwa hiyo mara nyingi husagika. Nguvu isiyoishia hapo hupanda kwenye magoti na nyonga, ikafika kwenye uti wa mgongo pale kifua kinapokutana na kiuno. Ndiyo maana daktari wa mifupa anayejua kazi yake, akiletewa mtu aliyeanguka na visigino vikavunjika, humpiga picha ya mgongo hata kama mgonjwa mwenyewe halalamiki mgongo. Akitanguliza mikono, huvunjika kiungo cha kiganja, na kwa fundi rangi mkono huo ndio mtaji. Akianguka kichali kwenye zege, kinachoongelewa ni kichwa.

Nimeshaona watu wema wakimkimbilia aliyeanguka. Wanamwinua kwa kwapa, wanamkalisha, wanampa maji, wanampepea, kisha wanamkunja ndani ya bajaji. Nia ni njema kabisa, na naelewa haraka yao. Lakini pingili ya mgongo iliyovunjika, kabla haijaugusa uti wa mgongo wenyewe, inaweza kusogea katika kukunjwa huko na kuukata. Mtu aliyekuwa anachezesha vidole vya miguu pale chini ya ngazi hafiki hospitali akivichezesha. Aliyeanguka aachwe alivyolala. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, akishike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Asipewe maji wala chai, maana pengine atahitaji upasuaji. Ikibidi abebwe, ling'olewe hata banzi pana au mlango ambao haujafungwa, wamgeuze watu wanne kwa pamoja, mwili ukizunguka mara moja bila kiuno kupinda, na gari linalofaa ni lile ambalo atalala humo amenyooka.

Hospitali zetu zinawajua walioanguka. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hupokea majeruhi wa mifupa na mishipa ya fahamu kutoka kila pembe ya nchi, na katika majeraha ya uti wa mgongo nchini sababu mbili zinazojirudia ni ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu: mtini, darini, ngazini. Ajali za barabarani zina askari wake, takwimu zake, wiki yake maalumu ya kila mwaka. Kuanguka hakuna kelele hizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba katika vifo vya majeraha yasiyokusudiwa kuanguka ni sababu ya pili baada ya ajali za barabarani.

Aliyevunjika mguu anafungwa hogo, anarudi nyumbani, na kwa miezi mitatu au zaidi hashiki brashi. Aliyepooza maisha yake yanabadilika moja kwa moja. Anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgandamizo. Anahitaji mpira wa mkojo, godoro linalofaa, kiti cha magurudumu, na nyumba ambayo kiti hicho kinapita mlangoni. Anayemgeuza ni mke, mama au dada, ambaye kwa sababu hiyo hawezi tena kwenda kwenye genge lake la mboga. Nyumba moja imepoteza vipato viwili. Mwenye ukuta uliopakwa, akiwa na utu, alichangia nauli ya hospitali na dawa za wiki ya kwanza. Simsemi vibaya. Hakuna alichoandikiana na fundi, na yeye pia ana watoto shuleni.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama na kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, unalipia matibabu, ulemavu wa muda, ulemavu wa kudumu, na pensheni ya wategemezi wa aliyefia kazini. Uzuri wake ni kwamba mchango unatolewa na mwajiri peke yake, leo ni asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mchoraji wa mabango au mpaka rangi aliyeajiriwa na kampuni inayochangia, akianguka, ana mahali pa kwenda.

Tatizo ni kwamba fundi niliyemweleza hapo juu hana mwajiri wa namna hiyo. Alipigiwa simu, akapatana, akaja na saidia fundi wake wawili, ambao nao wako deiwaka. Ukimuuliza mwenye nyumba, atasema amempa kazi fundi, hakumwajiri. Ukimuuliza fundi kuhusu vijana wake, atasema wanasaidiana. Kila mmoja anasema kweli yake, na kijana aliye kwenye kidato cha kumi hana jina kwenye karatasi yoyote. Kenya wana sheria zao mbili za mwaka 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia kwa majeruhi wa kazini, na kijana wa mjengo wa Nairobi anayelipwa kwa siku hujikuta pale pale alipo mwenzake wa Tabata.

Malipo yenyewe yanaongeza hatari. Fundi wa mapatano analipwa kazi ikiisha, si kwa saa. Kushuka ngazi, kuisogeza nusu mita na kupanda tena ni dakika mbili au tatu, na ukuta mmoja unataka kusogeza mara kumi. Kwa hiyo hujinyoosha. Kipande kimebaki kidogo, rola ina rangi, mkono ukifika tu yamekwisha. Kiuno kinatoka nje ya ngazi, mguu mmoja unaachia kidato. Wakufunzi wa usalama hufundisha kwamba kitovu kisivuke mguu wa ngazi, na kwamba viungo vitatu viwe vimeshika muda wote: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Fundi ana rola mkono wa kulia na kopo mkono wa kushoto. Viungo vitatu atavitoa wapi? Kulabu ya nondo iliyokunjwa, ya kutundikia kopo kwenye kidato, humrudishia mkono mmoja. Na ndoo nzima ya lita 20, ambayo ikijaa inazidi kilo 25, isipandishwe begani kamwe. Ivutwe kwa kamba.

Yako mambo mengine ambayo nitayataja tu. Ngazi ya alumini au mpini wa bomba la chuma ukigusa waya wa umeme unaoingia nyumbani, anayeanguka anaweza kuwa ameshauawa na umeme kabla ya kufika chini. Rangi ya mafuta na thina ndani ya chumba kilichofungwa madirisha huleta kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya ngazi hakina pa kuegemea. Ngazi ya kufungua, ile yenye miguu minne, si ya kufungwa na kuegemezwa ukutani, wala kidato chake cha juu kabisa si cha kusimamia.

Hata penye ngazi nzuri kazi hii haijawa salama. Marekani, ambako ngazi huuzwa zikiwa na mpira miguuni na maandishi ya uzito zinaoweza kubeba, takwimu za serikali za mwaka 2020 zilihesabu vifo 161 vya kazini vilivyotokana na ngazi. Waingereza, katika mwongozo wao wa kazi za juu, wanaitaja ngazi kuwa kifaa cha kazi fupi, isiyozidi dakika 30 mahali pamoja. Fundi wetu hushinda juu yake kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Kazi ya siku nzima inataka jukwaa, mahali ambapo mtu anasimama kwa miguu yote miwili, ana ubao wa kumzuia pembeni, na mikono iko huru.

Majukwaa ya chuma yanakodishwa katika kila mji mkubwa, kwa siku au kwa wiki. Mafundi wanayajua na wanayapenda, kwa sababu pia yanaharakisha kazi. Hawayakodi kwa sababu kodi hiyo ingetoka kwenye ufundi wao, ambao umeshashushwa mpaka mwisho. Fundi akiitaja mbele ya mwenye nyumba, mwenzake mwenye bei ndogo, asiyeitaja, atachukua kazi. Hapo fundi mmoja mmoja hana uwezo wa kubadilisha kitu. Anayeweza ni anayelipa, na mlipaji mkubwa kuliko wote wa kazi za rangi nchini, kwa maoni yangu, ni umma.

Mwaka 2021 serikali ilitumia fedha za mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, mpango wa shilingi trilioni 1.3, kujenga pamoja na mambo mengine madarasa 15,000, na mengi yalijengwa kwa mfumo wa force akaunti: kamati za shule na halmashauri zikinunua vifaa na kupatana na mafundi wa mtaani. Utaratibu huo umeendelea kwenye zahanati, mabweni na nyumba za walimu. Kila darasa lina fasia bodi. Kila darasa lina ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kofia ya paa. Kila moja lilipandiwa na mtu mwenye brashi, na mtu huyo alitafutiwa rangi na kamati yenye mwenyekiti, katibu, mhasibu na mchanganuo wa gharama ulioandikwa.

Mchanganuo huo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa unasomwa, unasainiwa na unakaguliwa. Jukwaa la kukodi liwe na mstari wake, nje ya ufundi, ili fundi anayeomba kazi asishindwe na asiyelitaja. Majina ya vijana wote watakaopanda yaandikwe kwenye mkataba mdogo ule ule unaotaja kiasi cha advansi. Halmashauri, ambayo tayari ni mwajiri na tayari inachangia WCF kwa watumishi wake, ikae na Mfuko kuona namna ya kuwaingiza mafundi hawa kwa muda wa mradi. Fedha zilizobaki kwenye akaunti ya shule zikifikiriwa kwa ajili ya pazia za ofisi, kwanza linunuliwe jukwaa moja la chuma la kata nzima, likae kwa mtendaji, lizunguke kutoka shule hadi zahanati. Na mwananchi mwenye nyumba yake binafsi pale jirani, akitaka kupaka rangi kabla ya Krismasi au Idi, alikodi kwa kata hiyo hiyo.